Biti 14 zilizofanya kazi ya 16

Ukikaa na wapenzi wa muziki wenye deki za bei mbaya, haipiti nusu saa kabla mmoja hajataja biti, yaani urefu wa namba ambayo deki hutumia kwa kila kipimo cha sauti. Yangu 24, yako je? Mwenzake anajibu 32, na ubishi umeisha, kana kwamba wamelinganisha unene wa magodoro. Mimi ubishi huo huwa naurudisha nyuma kwenye deki mbili za mwanzo za CD, Sony CDP-101 na Philips CD100. Karibu kila kinachobishaniwa leo kilishabishaniwa juu ya mashine hizo, na aliyekuwa na namba kubwa hakushinda kwa namba hiyo.

Sony iliingia madukani Japani tarehe 1 Oktoba 1982 kwa yeni 168,000, bei ya mtu mwenye nafasi yake. Philips ikafuata Ulaya mapema 1983. Kampuni hizi ndizo zilizoitunga CD kwa pamoja, na kwenye mazungumzo zilivutana kweli. Philips ilikuwa imeshajiandaa na chipu za biti 14 za kugeuza namba za diski kuwa sauti, na ilitaka diski iwe hivyo, Sony ikang'ang'ania 16 na ikapata. Kwa hesabu tofauti yake ni kubwa: biti 14 zinakupa ngazi 16,384 za kupimia sauti, biti 16 zinakupa 65,536. Basi deki ya kwanza ya Philips ikatoka inasoma diski ya biti 16 kwa chipu ya biti 14. Kwa msomaji wa vipeperushi, mechi imeishia hapo.

Ila wahandisi wa Philips hawakuzikata zile biti mbili wakazitupa. CD inabeba sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde kwa kila upande, kushoto na kulia. Wao waliweka mbele ya chipu sakiti inayokokotoa sampuli za katikati mpaka zikafika 176,400, mara nne ya zilizoandikwa kwenye diski. Makosa ya kukadiria, ambayo sikioni huja kama kelele za chinichini, yakasambaa kwenye eneo pana zaidi, na sehemu kubwa ikaangukia juu kule ambako hakuna binadamu anayesikia. Juu ya hilo, kosa la kila sampuli lilibebwa na kufidiwa kwenye sampuli inayofuata, kelele zikasukumwa juu zaidi. Ndani ya masafa ya sikio, chipu ya biti 14 ikafanya kazi ya biti 16. Hakuna mazingaombwe hapo, ni hesabu tu iliyofanywa haraka.

Hata hivyo, mimi naona faida kubwa zaidi ilikuwa kwenye chujio. Sauti ikitoka kwenye chipu inafuatana na takataka za masafa ya juu ambazo lazima ziondolewe kabla hazijafika kwenye amplifaya. Sony walichukua njia ya moja kwa moja: chujio la analogi lenye mteremko mkali mno, linalopitisha kila kitu mpaka hezi 20,000 (mitetemo 20,000 kwa sekunde) kisha linafunga karibu hapohapo. Chujio la namna hiyo lina gharama yake. Linazichelewesha sauti za juu kabisa kuliko zilizobaki, na ni kazi kulitengeneza lifanane kushoto na kulia. Kwa Philips takataka zilikuwa zimeshafukuzwa hadi jirani na hezi 176,400, kwa hiyo kilichobaki kwa analogi kilikuwa chujio laini, la sehemu chache. Miaka michache baadaye Sony wenyewe, na karibu kila mtu, walikuwa wanatengeneza deki zenye kuzidisha sampuli. Hilo kwangu linatosha kama hukumu.

Kuna jambo jingine linalopenda kutajwa dhidi ya CDP-101: ilitumia chipu moja kwa pande zote mbili, ikihudumia kushoto kisha kulia kwa zamu. Upande mmoja ukawa unachelewa takribani mikrosekunde 11. Inatisha ukiisoma, lakini katika muda huo sauti hewani inasafiri milimita nne tu. Ukigeuza shingo kidogo kitini umeshaharibu zaidi ya hapo. Pale ambapo ina madhara ni ukizichanganya pande mbili ziwe mono. Hapo sauti za juu kabisa hupungua kwa desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, mbili na kidogo.

Nimezisikia hizi mbili zikicheza pamoja kwa rafiki yangu mkusanyaji. Ile ya Sony ilitoka Japani, inataka volti 100, kwa hiyo imekalia transfoma yake kama mgonjwa na dripu. Tuliweka CD ya taarab, bendi nzima, na masikio yangu yakaenda moja kwa moja kwenye ganuni, maana uzi unaopigwa kwa risha huanza ghafla na chujio bovu hujionyesha hapo kwanza. Kwenye Sony risha ilisikika mbele, yenye ncha, na fidla zikiwa na mng'aro. Kwenye Philips ganuni ilirudi hatua nyuma, na makofi ya waitikiaji yakawa na nyama zaidi. Kila aliyekuwepo chumbani alikuwa tayari kuapa.

Kisha mwenye nyumba akaleta mita ya fundi. Unacheza toni ya hezi 1,000 kwenye diski ya majaribio, unapima volti zinazotoka. Sony ilikuwa juu kidogo ya mwenzake. (Mashine zenyewe zimevuka miaka 40, usichukue hicho kama kipimo cha kiwandani.) Tatizo ni kwamba sikio haliiti tofauti ndogo kama hiyo ukubwa wa sauti. Linaiita uwazi, uhai, ncha. Mita ikisoma 2.0 huku na 2.3 kule, hiyo ni zaidi ya desibeli moja, na kwa tofauti hiyo deki ya bei chee inaweza kuipiku ya milioni. Tukasawazisha, na ile ncha ya risha ikapungua sana. Haikuisha, kwa masikio yangu, lakini viapo vilipungua.

Kwa hiyo mtu akiniandikia kurasa tatu kuhusu jukwaa pana na besi yenye mamlaka bila kutaja kama alisawazisha sauti, nasoma kwa starehe tu, kama ninavyosoma mashairi. Waulize Meyer na Moran wa Boston, wachunguzi wa mambo ya sauti. Mwaka 2007 walichapisha majaribio yao katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti: wasikilizaji waliwekewa muziki wa diski za ubora wa juu kuliko CD, mara ukija kama ulivyo, mara ukiwa umepitishwa kwenye kiwango cha CD, biti 16 na sampuli 44,100, bila kuambiwa ni upi. Katika majaribio 554 walipatia 276. Ungerusha shilingi ungetarajia 277.

Wapo wanaoyapinga majaribio hayo, kwa jinsi diski zilivyochaguliwa na mengineyo, na hoja zao nyingine zina uzito. Lakini kama tofauti ya hatua nzima ya teknolojia inajificha hivyo, basi tofauti ya deki mbili za bei kubwa za leo, zote zenye chujio la kidijitali safi, inahitaji ushahidi zaidi ya sura ya mwenye deki anapoisikiliza. Pesa iliyobaki ninunulie spika.

Kati ya zile deki mbili kongwe, kwa sauti nachukua Philips, kwa tofauti ndogo tu, na napenda kukifunua kile kifuniko cha juu na kuiweka diski kwa mkono. Matumizi ya kila siku ni habari nyingine. Sony ina rimoti na inakuonyesha wimbo umefika dakika ya ngapi. CD100 ina mstari wa vitaa vidogo vya namba za nyimbo, basi, na kila ukitaka kuruka wimbo unanyanyuka kitini.