Wakati ujao wa Kihispania: tupeni hilo jedwali

Jamani hili niliseme leo maana linanikera siku nyingi. Kila anayejifunza Kihispania akifika kwenye wakati ujao anabandikiwa jedwali, vitenzi 12 visivyofuata kanuni, kila kimoja na nafsi zake 6, jumla maumbo 72, haya kariri. Mtu anakesha nalo wiki nzima, siku ya kuongea anatoa "teneré" na "poneré", maneno ambayo hayapo, badala ya tendré na pondré. Mi mwenyewe nimepita humohumo na bado naona tulipotezewa muda bure.

Kwa kweli huu ndo wakati mwepesi sana kwenye lugha ile. Unachukua kitenzi kizima kama kilivyo kwenye kamusi, hukikati popote, unakipachika mkia -é, -ás, -á, -emos, -éis au -án, basi. Hablaré, nitaongea. Comerán, watakula. Hata ser (kuwa) na ir (kwenda), ambavyo kwingine vinatesa watu, hapa vimetulia kabisa, seré, iré. Na kwenye vile 12 mikia ni ileile, haibadiliki hata mara moja, kinachobadilika ni shina tu, kwa hiyo ukishika tendré, nitakuwa na, kutoka tener, umeshashika tendrás na tendrán na wenzao wote. Mashina 12! Si maumbo 72. Kwa nini hili lisisemwe dakika ya kwanza darasani?

Halafu hayo mashina hayakuharibika hovyohovyo, ni midomo ya watu. Zamani walitaja kitenzi halafu wakaweka haber, yaani kuwa na, nyuma yake, mfano cantar (kuimba) na he (nina), cantar he, vikashikana vikawa cantaré. Sasa vile vinavyosemwa kila saa watu wakaanza kumeza irabu, poder ikawa podr-, saber ikawa sabr-, na haber, caber, querer vilevile: habr-, cabr-, querr-. Haya jaribu kumeza irabu ya tener, sema "tenré" harakaharaka mara tano, sema kwa sauti. Ulimi ukitoka kwenye n kwenda kwenye r unagonga d pale katikati wenyewe tu. Ndo hiyo tendré. Pondré, vendré, saldré na valdré ni mlemle. Hiyo d hakuna aliyekaa akaipanga. Vinabaki viwili vilivyofupishwa zaidi, haré (kutoka hacer, kufanya) na diré (kutoka decir, kusema), na hivyo vinasemwa mno hadi vinajikalia kichwani.

Ndo maana nasema ujifunze kwa mdomo, karatasi baadaye. Vendrá ni atakuja, inatoka venir. Venderá ni atauza, inatoka vender. Tofauti ni irabu moja katikati, na sikio ndo linaikamata, jedwali haliwezi.

Najua wapo watakaosema mbona voy a, yaani naenda kufanya kitu, inatosha, voy a salir, nitatoka, maisha yanaenda. Kwenye maongezi ni kweli inatumika sana. Ila mashina hayahaya ndo yanabeba podría na tendría, yaani ningeweza, ningekuwa na, na kuomba kitu kwa adabu bila podría utapata tabu. Na kuna kazi nyingine ya wakati ujao ambayo sisi Waswahili tunaingia nayo darasani tayari tunayo, lakini sijawahi kuona kitabu kikituambia: kukisia. Tukisema "saa hizi atakuwa ameshafika" hatuongelei kesho, tunakisia ya sasa hivi. Wao wanasema habrá llegado, karibu neno kwa neno! Estará en casa, atakuwa nyumbani. Tendrá hambre, atakuwa na njaa huyo.

Simu ikiita usiku wa manane mwenye Kihispania chake anaangalia jina anajiuliza ¿qué querrá?, na sisi tunaangalia jina lilelile tunasema, huyu naye atakuwa anataka nini saa hizi.