Jeni za usugu kwenye majitaka: tuogope au ni kelele tu?

Kila ukitoka utafiti kwamba mto fulani umekutwa na jeni za usugu wa antibayotiki, yaani vipande vya DNA vinavyompa bakteria uwezo wa kuhimili dawa, watu wanagawanyika, hawa wanasema tumekwisha, wale wanasema wanasayansi wanatafuta hela.

Wanaobeza wana hoja, tena si ndogo. Usugu haukuanzia hospitali. Mwaka 2011 ilisomwa DNA ya kama miaka 30,000 kutoka udongo ulioganda huko Yukon, Kanada, na ndani yake zikakutwa jeni za kukwepa dawa za jamii ya penisilini, tetrasaiklini, mpaka vankomaisini, na enzi hizo hakuna duka la dawa wala wa kukatisha dozi. Sasa ukichota majitaka ukayapitisha kwenye mashine ya kusoma DNA lazima ukute jeni kibao, ila mashine inasoma aliye hai na aliyekufa sawasawa, na mara nyingi haikwambii jeni ni ya bakteria yupi, anaweza akawa wa udongoni tu asiye na habari na mtu.

Lakini cheki mcr-1. Novemba 2015 watafiti China wakatangaza jeni hii inayoshinda kolistini, dawa ya kukimbilia zingine zikigoma, wameikuta kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa. Denmark hawakwenda kuchota sampuli mpya, walipekua jenomu (DNA nzima ya bakteria iliyokwisha kusomwa) walizokuwa nazo kwenye kompyuta na wiki chache tu wakaikuta, kwa mgonjwa na kwenye nyama ya kuku ya kuagiza. Kwa kuotesha bakteria, yaani kuwakuza maabara, peke yake ungeanza upya kabisa!

Ila kazi inayonishawishi zaidi ni ya New Delhi, 2011 pia. Walitafuta jeni ya NDM-1, hii inavunja hadi karbapenemu, dawa kali za akiba za hospitali, wakaipata kwenye sampuli 2 kati ya 50 za maji ya bomba na 51 kati ya 171 za madimbwi ya mtaani. Wangeishia hapo ubishi ungebaki palepale, lakini waliotesha bakteria wenyewe, na kati ya waliobeba jeni hiyo alikuwemo wa kipindupindu, yaani yu hai na anaugusa mwili wa mtu, si wa udongoni tu. Hapo utabisha nini?

Ndo maana hela ikiwa ya kubana mi ningeanza na maabara za kuotesha hospitali za mikoa, mashine ije baadaye, ila bakteria wanaopatikana wagandishwe wasitupwe, siku ikitangazwa mcr nyingine tuwe na pa kupekua.