Huckleberry Finn Abaki Darasani, Ila Asiwe Peke Yake

Oktoba 2017 ilikuwa zamu ya Biloxi, Mississippi. Shule za huko zilikitoa To Kill a Mockingbird cha Harper Lee kwenye masomo ya darasa la nane, eti lugha yake inawakera watu. Kelele zilipozidi kikarudishwa, ila kwa ruhusa ya mzazi. Miezi michache baadaye Duluth, Minnesota, wakakiondoa kwenye vitabu vya lazima, pamoja na Adventures of Huckleberry Finn cha Mark Twain.

Mimi niko upande wa wanaotaka vitabu hivi visomwe. Hata hivyo, siwabezi wazazi wanaolalamika. Katika Huckleberry Finn, tusi wanalotukanwa watu weusi limo zaidi ya mara 200. Mtoto mweusi aliye peke yake katika darasa la wazungu anamsikia mwalimu akilitamka, mara wenzake wote wanageuka kumtazama yeye. Siku hiyo hajifunzi fasihi yoyote. Na mwalimu analitamka kwa lipi hasa? Kila mtu analiona ukurasani.

Ninachokikataa ni kulifuta. Mwaka 2011 profesa mmoja wa Alabama, Alan Gribben, alitoa toleo ambalo tusi hilo limebadilishwa kuwa "mtumwa". Nia yake ilikuwa njema, sibishi. Lakini soma pale Huck, mvulana mzungu anayesimulia kitabu hicho, anapomdanganya mama mmoja aitwaye Aunt Sally kwamba silinda ya meli ilipasuka njiani. Mama anauliza: kuna aliyeumia? Hapana, anajibu Huck, ila ameuawa mmoja, na hapo anamtaja mtu mweusi kwa tusi lile. Mama anashusha pumzi: ni bahati, maana wakati mwingine watu huumia kweli.

Na huyo ni mke wa mhubiri! Mkarimu, mwenye upendo, na hana habari kwamba amesema neno baya. Twain hahubiri, anawaacha wazungumze tu. Ukiweka "mtumwa" hapo, mwanafunzi atadhani marehemu hakuhesabiwa kwa sababu ya hali yake ya utumwa, kumbe ni kwa sababu ya ngozi yake. Msumari umeng'olewa.

Kwangu kosa kubwa la shule ni kukifanya kitabu cha namna hii kuwa dirisha pekee la kuwatazama watu weusi. Katika Mockingbird, Tom Robinson anashtakiwa kwa kosa ambalo hakulitenda, lakini anayebaki kichwani mwa msomaji ni wakili wake mzungu. Walimu wa Mukilteo, jimbo la Washington, waliotaka kisiwe cha lazima mwaka 2022, walikuwa na hoja. Tena hawakukipiga marufuku: mwalimu anayekipenda aliruhusiwa kuendelea nacho.

Ningekuwa mimi ninayepanga masomo, Twain angesubiri hadi wanafunzi wafike miaka 16 hivi, na kabla yake ningeweka kitabu cha Frederick Douglass cha mwaka 1845. Ni kifupi, wiki moja kinakwisha. Douglass alizaliwa mtumwa Maryland, na humo anasimulia alivyokuwa akibeba mkate kule Baltimore na kuwapa watoto wa kizungu wenye njaa ili wamfundishe kusoma. Darasa lililokwisha kumsikia yeye litamsoma Jim, mtumwa mtoro wa Twain, kwa macho mengine, na litajua lenyewe ni wapi Twain alimtendea haki na wapi alimfanya kichekesho.