Usitafute faili, iulize seva yenyewe

Mtu akilalamika kwamba barua pepe hazitoki kwenye seva aliyojiwekea, jibu analopewa mara nyingi ni njia ya faili: fungua `/etc/postfix/main.cf`, kisha tazama `/var/log/mail.log`. Njia hizo si za uongo, ila ni jibu la kukariri, na kwenye seva ya barua pepe kukariri kunaponza. Faili unaloliona kwenye diski huenda silo programu inalolisoma. Logi, yaani kumbukumbu za matukio, uliyoifungua huenda iliacha kuandikwa tangu mfumo ulipoboreshwa mwaka jana. Watu wanakesha wakihariri, wanaanzisha huduma upya mara kumi, na hakuna kinachobadilika. Ninachoshikilia ni hiki: achana na orodha za njia za mafaili, iulize programu inasoma wapi na inaandika wapi. Programu zote kubwa za kazi hii zina amri ya kujibu swali hilo.

Nitatumia Postfix na Dovecot kwenye Debian, kwa kuwa wengi wanaojiendeshea seva huanzia hapo. Postfix hupokea na kusafirisha barua. Dovecot huzitunza na kumfikishia mwenyewe kwa IMAP, njia ambayo programu ya barua husomea sanduku lake, na mara nyingi ndiyo pia inayokagua nywila kwa niaba ya Postfix. Hilo la mwisho linawachanganya wengi. Mtu akishindwa kutuma kupitia bandari 587, mlango wa watumiaji kutuma barua, logi ya Postfix itasema tu `SASL LOGIN authentication failed`, yaani ukaguzi wa nywila umeshindikana. Kama nywila ilikosewa au mtumiaji hayupo kabisa, anayejua ni Dovecot, na hata yeye hataeleza vizuri mpaka uweke `auth_verbose = yes`. Ukikazana kutafuta sababu kwenye Postfix utachoka bure.

Basi tuanze na Postfix. `postconf config_directory` inakutajia folda ya mipangilio. `postconf -n` inakuonyesha yale tu yaliyowekwa kwenye `main.cf`, bila mamia ya thamani za awali, na inayaonyesha jinsi Postfix ilivyoyaelewa, siyo jinsi ulivyokusudia. Tofauti hiyo ndiyo ya kutazama. Chukua mfano huu unaotokea sana. Kwenye `main.cf` kuna mstari uliozimwa, wa kutaja mitandao inayoaminiwa:

`# mynetworks = 127.0.0.0/8`

Unafuta alama ya `#`, unahifadhi, unatoka. Kilichobaki mbele ya neno `mynetworks` ni nafasi moja tupu. Kwa Postfix, mstari unaoanza na nafasi ni mwendelezo wa mpangilio uliotangulia, hata kama katikati yake kuna mistari mitupu au ya maelezo. Kwa hiyo `mynetworks` yako haikuwekwa. Imemezwa na mpangilio wa juu yake, na sasa una makosa mawili badala ya moja. Kwa macho, faili linaonekana safi kabisa. `postconf -n` inakuonyesha mara moja, kwa sababu mpangilio wa juu utakuwa umeota mkia wa ajabu.

Kuna mitego mingine miwili ya aina hiyo. Mpangilio ukiandikwa mara mbili, wa mwisho ndio unaotumika, hivyo unaweza kuhariri mstari wa 20 kutwa nzima wakati unaotawala uko mstari wa 140. Na maelezo hayaruhusiwi kufuatia thamani kwenye mstari uleule: ukiandika `myhostname = mail.example.com # jina la seva`, yote hayo, pamoja na alama na maneno yake, yanakuwa jina la seva.

Halafu kuna `master.cf`, faili ambalo maelezo mengi ya mitandaoni hulipita juujuu. Humo kila huduma ina mstari wake, na chini yake huweza kuwa na `-o` zinazofuta yaliyomo `main.cf` kwa huduma hiyo pekee. Huduma ya `submission`, yaani bandari 587, mara nyingi huwekewa `-o smtpd_relay_restrictions=permit_sasl_authenticated,reject`. Ukibadilisha `smtpd_relay_restrictions` kwenye `main.cf`, bandari 25, ya barua zinazotoka seva nyingine, itakusikia na 587 haitakusikia. `postconf -P` inaorodhesha `-o` zote, na `postconf -M` inaonyesha huduma zenyewe. Mtu anayesema amesoma mipangilio yake bila kuendesha amri hizo mbili amesoma nusu.

Majedwali nayo, yaani orodha ambamo Postfix hutafuta anwani, yanaulizwa vivyo hivyo. Kama `main.cf` inataja `hash:/etc/postfix/virtual`, Postfix haisomi maandishi uliyoyaandika, inasoma `virtual.db`, ambalo hutengenezwa na `postmap /etc/postfix/virtual`. Ukisahau `postmap`, anwani mpya haipo. Usikisie, uliza: `postmap -q asha@example.com hash:/etc/postfix/virtual`. Isipojibu kitu, hata Postfix haitapata kitu. Amri hiyohiyo inafanya kazi kwa majedwali ya MySQL, na ni njia ya haraka sana ya kujua kama tatizo ni la hifadhidata au la barua. Kwa `/etc/aliases` kazi hiyo hufanywa na `newaliases`.

Ila `postconf` inasoma mafaili yalivyo sasa kwenye diski. Seva inayoendesha inaweza kuwa bado imeshikilia ya jana mpaka uifanyie `postfix reload`. Tanguliza `postfix check`, inayokagua makosa.

Dovecot ina amri yake, `doveconf -n`, na mstari wake wa kwanza hutaja toleo na faili lililosomwa. Mipangilio imegawanywa kwenye `/etc/dovecot/conf.d/`: `10-auth.conf`, `10-mail.conf`, `10-ssl.conf`, `10-logging.conf` na wenzake, na `dovecot.conf` huyavuta yote yanayoishia na `.conf`. Soma tena maneno hayo: yote yanayoishia na `.conf`. Mtu mwangalifu anayetunza nakala kabla ya kuhariri, akaiita `10-auth-ya-zamani.conf` humohumo, ameiweka nakala hiyo kazini. Nakala iitwe `10-auth.conf.bak`, au bora zaidi ihamishiwe nje ya folda.

Toleo ni jambo la kuangaliwa kabla ya yote. Dovecot 2.4 iliyotoka mwaka 2025 ilibadilisha lugha ya mipangilio: faili linatakiwa kuanza na `dovecot_config_version`, `mail_location` imegawanywa kuwa `mail_driver` na `mail_path`, na `ssl_cert` imekuwa `ssl_server_cert_file`. Debian 13 inakuja na 2.4. Kwa hiyo maelezo ya miaka kumi yaliyojaa mtandaoni yameandikwa kwa lugha ambayo seva mpya haiielewi, na ukiyanakili Dovecot itakataa kuwaka. Huu ndio ushahidi wangu mkubwa dhidi ya kukariri.

Sasa logi. Kwenye Debian na Ubuntu za zamani ni `/var/log/mail.log`; kwenye Rocky na ndugu zake wa Red Hat ni `/var/log/maillog`. Lakini tangu Debian 12 ya mwaka 2023, rsyslog, programu inayoandika logi kwenye mafaili hayo, haiwekwi tena kwa kawaida, na bila hiyo faili hilo halipo. Logi zimo kwenye jono (journal), hifadhi ya logi ya systemd, programu inayosimamia huduma za mashine, nawe unazisoma hivi:

`journalctl --facility=mail --since "09:00"`

Napendelea `--facility=mail` kuliko kutaja jina la huduma, kwa sababu majina ya huduma za Postfix chini ya systemd yametofautiana kati ya matoleo ya Debian, na kwa sababu Postfix na Dovecot zinatoka pamoja kwa mfuatano wa wakati, jambo unalolihitaji sana unapofuatilia barua moja. Ukosefu wa `mail.log` unaiathiri pia fail2ban, programu inayozuia wanaobahatisha nywila: ulinzi uliokuwa ukitegemea faili hilo unakataa kuwaka mpaka uandike `backend = systemd`.

Hata hivyo, maoni yangu ni kwamba kwenye seva ya barua pepe rsyslog irudishwe. Jono linagawana nafasi na huduma zote za mashine, na mashambulizi ya SSH ya wiki moja yanaweza kusukuma nje kumbukumbu za barua unazozitafuta. Pia lina kikomo cha kasi, kwa kawaida ujumbe 10,000 kwa kila sekunde 30 kwa huduma moja, na ukizidi, unaosalia unatupwa. Siku ya gharika ya barua taka ndiyo siku unayoihitaji logi nzima. Postfix yenyewe, tangu toleo 3.4, inaweza kuandika faili lake kwa `maillog_file`, lakini Dovecot itabaki kwingine, na kulinganisha mafaili mawili kwa jicho ni adha. Ukiwa na rsyslog, Debian huanza faili jipya la logi kila juma na kutunza manne ya nyuma, na `zgrep` inayasoma hata yaliyobanwa.

Ukiweka rsyslog ukaona `master` inaandika lakini `smtpd` kimya, sababu iko kwenye safu ya chroot ya `master.cf`. Chroot ni kuifungia programu ndani ya folda moja. Matoleo mengi ya Debian hufungia hivyo huduma nyingi za Postfix ndani ya `/var/spool/postfix`, na humo hazioni `/dev/log` ya mashine, soketi ambayo logi hupelekwa kupitia hapo. Zinahitaji soketi yao, `/var/spool/postfix/dev/log`, ambayo huongezwa na `/etc/rsyslog.d/postfix.conf`. Kama faili hilo halipo, umepata kosa.

Kwa Dovecot usihangaike: logi zikiwa kwenye mafaili, `doveadm log find` inakutajia kila ngazi ya ujumbe inaandikwa wapi, na `doveadm log errors` inakupa makosa ya karibuni bila kufungua faili lolote. Logi moja tu ndiyo hujificha, ile ya Sieve, lugha ya kuandikia vichujio vya barua. Kichujio cha mtumiaji kikiwa na kosa, maelezo kamili hayaji kwenye logi kuu. Yanaandikwa kwenye folda yake mtumiaji, kwa kawaida `.dovecot.sieve.log`. Ukiambiwa barua za mtu haziingii kwenye folda aliyoipanga, anza hapo.

Kuipata logi bado si kuisoma. Tazama mstari huu:

`postfix/smtp[21877]: 4F1D2A03C7: to=<juma@example.com>, relay=mx.example.com[203.0.113.25]:25, delay=32, delays=0.3/0.02/31/0.9, dsn=2.0.0, status=sent`

Barua imefika, lakini imechukua sekunde 32. Namba nne za `delays` zinaeleza zilipotelea wapi: kuipokea, kusubiri kwenye foleni, kufungua muunganisho, na kupeleka barua yenyewe. Sekunde 31 zimeishia kwenye muunganisho. Wengi hapa hutafuta `4F1D2A03C7`, namba ya foleni, na hawaoni sababu. Haionekani kwa sababu mstari wenye kosa hauna namba hiyo. Tafuta `21877`, namba ya mchakato, na juu kidogo utakuta `connect to mx.example.com[2001:db8::25]:25: Connection timed out`. Postfix ilijaribu kwanza IPv6, aina mpya ya anwani za mtandao, ikasubiri sekunde 30 ambazo ndizo kikomo chake cha kawaida, kisha ikahamia IPv4, aina ya zamani. Kama mtandao wako hauna IPv6 inayofanya kazi, `inet_protocols = ipv4` na kuanzisha Postfix upya kunamaliza jambo. Mipangilio uliyoizoea haikuwa na kosa lolote, na aliyekimbilia `main.cf` kabla ya logi angeivuruga bure.

Jambo la saa linatuhusu sisi kuliko wengine. Mtumiaji wa Nairobi au Mwanza akikuambia barua aliituma saa tatu asubuhi, kwenye logi ni 09:00. Lakini kama seva ipo kwenye kontena, yaani programu iliyofungwa peke yake ndani ya mashine kwa Docker, na hukuweka `TZ=Africa/Dar_es_Salaam` au mfano wake, logi inaandikwa kwa UTC, saa ya marejeo ya dunia, na barua ileile ipo 06:00. Kabla ya kutafuta chochote, endesha `date` mahali hasa programu inapoendeshwa.

Na kwenye kontena ushauri mwingi wa hapo juu unabadilika mahali, haubadiliki maana. Kwa mailcow, mkusanyiko wa seva ya barua pepe unaoendeshwa kwa kontena, kuhariri `main.cf` iliyomo ndani ya kontena ni kazi bure. Nyongeza zako zinakaa `data/conf/postfix/extra.cf` kwenye mashine yenyewe. `postconf -n` bado ndiyo shahidi, ila iendeshe ndani: `docker compose exec postfix-mailcow postconf -n`. Logi unazipata kwa `docker compose logs --since 30m postfix-mailcow`. Angalia hapa pakubwa: kwa mpangilio wa kawaida wa Docker, logi hizo ni za kontena, na kontena likiondolewa zinaondoka nalo. Kuna watu ambao kitu cha kwanza wanachofanya barua zikikwama ni `docker compose down` kisha `up`. Zimwagie kwanza kwenye faili, `docker compose logs --no-color > /root/logi-kabla.txt`, halafu ndipo uguse kitu kingine.