Huku Tunalipia Maji Yasiingie Ndani

Bili ya bodi ya maji imeingia wiki hii. Siyo ya maji ya kunywa, hiyo huja kivyake. Hii ni kodi ya kuyazuia maji: matuta, pampu, mifereji. Analipa mwenye nyumba, analipa na mpangaji. Nimenung'unika, maana maisha ya Rotterdam yamepanda, lakini nimelipa kwa roho nyeupe, na ndicho kinachonifanya niandike.

Bodi hizi ziko 21 Uholanzi nzima, na mizizi yake ni ya karne ya 13. Wajumbe wake wengi wanachaguliwa. Machi 2023 mimi huyu, mwenye pasipoti ya Tanzania, nilipiga kura ya nani asimamie tuta. Nyumbani Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, nimepigia kura rais, mbunge, diwani na mwenyekiti wa mtaa, na sijawahi kusikia mgombea akibanwa kuhusu kimo cha ziwa.

Na wenzetu wanaishi pabaya kuliko sisi. Nieuwerkerk aan den IJssel, jirani tu na hapa, kuna ardhi iliyo zaidi ya mita 6 chini ya usawa wa bahari. Mwaka 1953 bahari ilivunja matuta usiku, ikaua watu 1,836. Mkoa wa Zeeland, ilikoumiza zaidi, ni watu wa kanisa kwelikweli, lakini hawakuishia kwenye kudra ya Mungu. Walijenga. Desemba 2023 ilipopiga dhoruba, milango mikubwa ya Maeslantkering, kizuizi cha bahari karibu na Rotterdam, ilijifunga yenyewe kwa mara ya kwanza kwa sababu ya maji kujaa. Mtaani kwetu hakuna aliyehama.

Msimu huohuo mvua za El Niño zilikuwa zinamwagika nyumbani. Ziwa Tanganyika likapanda, mtaa wa ufukweni wa Kibirizi ukaingia maji. Shangazi yangu anafanya biashara ya dagaa pale. Mchanga aliokuwa anaanikia ukamezwa, wakasogeza vichanja nyuma mpaka vikagusa kuta za nyumba za watu, kukawa na ugomvi. Dagaa wa usiku lazima waone jua asubuhi ileile. Wakilowa, mnunuzi anakutajia bei ya chakula cha kuku.

Najua yanayokuja nikisema na sisi tujipange kuyasimamia maji yetu. "Kapanda ndege juzi, keshasahau ugali wa muhogo." Sijasahau. Naumia kwa sababu sijasahau.

"Ziwa limepanda tangu enzi za babu." Kweli kabisa, wazee wa Ujiji wanaikumbuka 1964, na hawasemi uongo. Lakini hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja inabeba mvuke zaidi kwa kama asilimia 7, halafu inautua kwa mkupuo. Mvua hiyo inaangukia vilima tulivyokwisha kuvivua miti kwa mkaa na mashamba, tope lote linashuka ziwani, na ziwa zima lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie. Babu zetu pia hawakujenga kwa kubanana ufukweni hivi. Tena joto hilohilo linazuia maji ya juu yasichanganyike na ya chini, rutuba inabaki kilindini, dagaa wanakosa chakula. Ziwa linaingia sebuleni, kitoweo kinaondoka! Mwaka 2024 uvuvi ulifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapumue. Mliobaki mnajua miezi ile ilivyokuwa.

"Tumekuwa wengi mno." Hapa nakataa. Mkoa wa Kigoma, ukipimwa na maji yake, ni mkubwa kuliko Uholanzi nzima. Sisi kwa sensa ya 2022 tulikuwa karibu milioni mbili na nusu. Wao wako kama milioni 18.

"Hao hao ndio walioharibu hewa." Ndiyo, na nawaambia usoni kazini. Mtanzania hafikishi tani moja ya hewa ukaa kwa mwaka, Mholanzi anapita sita. Utajiri wao umekolezwa na gesi asilia ya Groningen, kaskazini mwa nchi yao, iliyogunduliwa 1959. Wananchi wao wenyewe waliishtaki serikali, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikaiamuru ipunguze gesi chafu kwa asilimia 25 kufikia mwisho wa 2020, ikilinganishwa na 1990. Kwa hiyo deni lipo, na inatupasa kulidai kwa sauti kubwa. Lakini si Mholanzi aliyemuuzia jirani yangu kiwanja ndani ya mita 60 za ziwa, wakati sheria ya mazingira ya 2004 inakataza. Tuliuziana wenyewe, tukashuhudia na kusaini.

"Hela hatuna." Wakulima wa karne ya 13 nao hawakuwa na gesi, walikuwa na majembe na michango. Sisi tunachangia misiba na harusi, tunajenga madarasa kwa msaragambo. Kila mtaa wa ufukweni, Katonga hadi Kibirizi, uwe na nguzo iliyopakwa rangi ya kupimia maji, mtu wa kuisoma kila wiki, na mfuko wa mitaro na miche ya vilimani. Nitachanga wa kwanza. Shangazi amekubali kuchanga pia, ila anauliza kitabu cha michango atashika nani, na swali hilo nimelituma kwa mwenyekiti wa mtaa. Nasubiri anijibu.