Fedha za Uchaguzi Ziwafuate Watu, Si Vifaa Pekee

Juzi redioni nilimsikia mchangiaji mmoja akisisitiza kwamba wafadhili watoe fedha mapema ili vifaa vya uchaguzi wa 2027 vinunuliwe kwa wakati. Muda wote alioupata aliutumia kwa vifaa. Hakuna aliyemuuliza ni nani atakayevishika.

Wakenya tumeshaumia vya kutosha kwa swali hilo. Kwa uchaguzi wa 2013 tulikopa kupitia serikali ya Canada ili tupate mitambo ya kusajili wapiga kura kwa alama za vidole. Machi 4 ilipofika, vifaa vya kuwatambua wapiga kura vikazima katika vituo vingi, mtambo wa kupeperusha matokeo ukakwama, na fomu za karatasi zikasafirishwa hadi Bomas, kituo kikuu cha kujumlishia kura jijini Nairobi. Mwaka 2017 ikaja kampuni ya Ufaransa na vifaa vingine. Mahakama ya Juu ikaamuru sava, yaani kompyuta kuu za matokeo, zikaguliwe. Amri haikutekelezwa kikamilifu, na Septemba 1 uchaguzi wa urais ukafutwa. Mwaka 2022 ikaja kampuni nyingine ya kigeni, Smartmatic. Kila mara mafundi wetu wanaanza upya kwenye mtambo wa mgeni.

Na makarani je? Jirani yangu alisimamia kituo mwaka huo wa 2013. Kifaa kilipozima alifungua sajili iliyochapishwa, akaituliza foleni iliyoanza kuchemka, na usiku akahesabu kura moja moja mbele ya mawakala wa vyama hadi wote wakatia sahihi. Uwezo wa kuendesha uchaguzi ndio huo! Lakini kazi yenyewe ni ya kibarua. Watu huajiriwa kura ikikaribia, hufundishwa siku chache, kisha hutawanyika na ujuzi wao, na miaka mitano baadaye tunaanza na wageni.

Sikatai kwamba msaada wa nje umewahi kutufaa. Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini aliongoza uchunguzi baada ya umwagaji damu uliofuata uchaguzi wa 2007, na ripoti ya 2008 ilituambia ukweli mchungu. Na tume ya uchaguzi kukaa bila makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025 ni aibu yetu wenyewe.

Hata hivyo, kilichonipa moyo 2022 ni Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kila kituo. Za vituo zaidi ya 46,000 zilianikwa mtandaoni, yeyote akajijumlishia. Kabla yake kulikuwa na kesi ya mwanaharakati Maina Kiai na wenzake, iliyoamua 2017 kwamba matokeo ya urais yaliyotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho. Raia walikwenda kortini, majaji wetu wakaamua.

Kwa hiyo nawaomba wafadhili: lipieni wakufunzi wa kudumu katika maeneo bunge yote 290, wanaofanya kazi hata mwaka usio na kura. Nanyi tume, mkataba wowote wa mitambo utamke kwamba sava na nywila zitakuwa mikononi mwa mafundi Wakenya, na tuusome sote kabla haujatiwa sahihi.