Kazi za vikundi mtandaoni zinahitaji maswali ya aina nyingine

Wanafunzi wa vyuo wanaosomea mtandaoni wakiwa Kakonko, Uvinza au Kasulu, mkoani Kigoma, wana lalamiko moja kila muhula: majina sita kwenye jalada, aliyeandika ni mmoja. Wapo wanaotaka kazi hizi zifutwe, na hoja yao ni nzito kuliko wakufunzi wengi wanavyokubali. Mtu amechagua kusoma kwa mbali kwa sababu asubuhi anafundisha, au ana shamba na mtoto mdogo. Kumwita kwenye kikao cha video saa mbili usiku ni kumrudishia ratiba aliyoikimbia, tena kwa bando lake mwenyewe.

Kutegea nako kulipimwa zamani. Mwaka 1913 Mfaransa Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo, alichapisha vipimo vya watu wakivuta kamba: walipokuwa wanane, kila mmoja alitoa karibu nusu tu ya nguvu alizotoa akivuta peke yake. Kwa sehemu walishindwa kwenda pamoja. Kwa sehemu walitegeana.

Lakini kuzifuta kunamwacha mwanafunzi na upweke. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, kina kituo Kigoma mjini, ila aliye Kakonko hawezi kwenda huko kila anapokwama. Akisoma peke yake anaweza kumaliza moduli nzima akiamini ameielewa. Mwenzake akimuuliza "kwa nini?", ndipo anagundua pengo. Kwangu hili linatosha kuzibakiza.

Kinachoziharibu zaidi ni swali lenyewe. "Elezeni faida tano za masoko" ni swali la mtu mmoja, na kikundi chenye akili kitampa mtu mmoja alijibu. Waambie wanafunzi wa biashara wafuatilie bei ya dagaa: mmoja aulize mwaloni Kibirizi, mwingine sokoni Kasulu, wa tatu Kakonko, kisha waeleze pamoja tofauti ya bei inakwenda kwa nani. Hapo hakuna wa kumbeba mwenzake, kwa kuwa hakuna mwenye taarifa zote. Mwanasaikolojia Elliot Aronson alitumia mpango wa namna hiyo katika shule za Austin, Texas, mwaka 1971, kila mtoto akishika kipande chake cha somo.

Alama nazo zigawanywe: sehemu kwa mchango wa mtu, sehemu kwa kazi ya pamoja. Wanasaikolojia Williams, Harkins na Latané walionyesha mwaka 1981 kwamba mchango wa mtu ukitambulika, kutegea hupungua sana.

Mjadala uwe wa maandishi, wenye siku tatu au nne za kujibu, ili mtandao ukikata jioni moja mtu asihesabiwe mtoro. Na uruhusiwe kwa Kiswahili. Jambo hili linaniuma. Kwenye jukwaa la chuo, ambako Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia, utaona "I agree" kumi mfululizo; kundi la WhatsApp la watu walewale linawaka moto kwa hoja. Wanaohofia kwamba Kiingereza kitadorora wana haki, maana mtihani utakuja kwa lugha hiyo. Basi ripoti ya mwisho iandikwe kwa Kiingereza, ila mabishano yaliyoizaa yafanyike kwa lugha ambayo mtu haogopi kukosea.

Mzigo wa haya yote unamwangukia mkufunzi, ambaye atasoma michango mingi zaidi. Chuo kinachotaka mijadala hai kimpunguzie wanafunzi au kimwongezee wasaidizi.